Mambo ya Nyumbani: Binti Yetu Kando ya Ziwa la Uswisi



Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na habari za mahari. Lakini limetokea jambo hapa Mtunda lililotushughulisha siku nyingi, nasi twaona ni afadhali tulieleze lingali moto. Mahari haitakimbia.

Yuko binti wa kanisa letu, ambaye tulimfundisha katekisimu angali mdogo wa kushika upindo wa khanga ya mama yake. Mwaka jana alipata nafasi ya kusoma katika mji wa Basel, nchi ya Uswisi, elimu ya magonjwa ya nchi za joto, na hasa habari za mbu na malaria. Karo ililipwa na hao waliompa nafasi. Bali hati ya safari, koti la baridi na viatu vilinunuliwa kwa korosho za baba yake. Basi Jumatatu moja ikafika picha katika simu ya kaka yake. Binti amesimama chomboni katikati ya ziwa, nyuma yake majabali marefu yenye theluji vilele vyake, naye anacheka. Chini ya picha hapakuwa na neno hata moja.

Baba akaitazama picha ile kitambo, akairudisha. Akasema, "Korosho zangu zimekwenda kutembea. Kama ni kupanda chombo, hapa kwetu madau yamejaa mitoni. Mbona hakupanda hapa, bila nauli?" Watu wa barazani wakacheka, wala yeye hakucheka. Akaongeza ya kwamba mdogo wake, aliyechaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya bweni, asingojee kununuliwa sanduku, kwa kuwa ameona sasa elimu ya mbali ni nini. Jioni ile mama yao akaja kwetu akilia.

Tukamwandikia binti, na kwa kweli tuliandika kwa ukali. Baada ya siku nne jibu likaja, barua ndefu, yenye "Shikamoo baba, shikamoo mama, shikamoo Mwalimu" mbele yake. Tukaenda kuisoma nyumbani kwao baada ya chakula cha jioni, majirani wakasogea kusikiliza, Wakristo na Waislamu pamoja, kama ilivyo desturi ya hapa barua ikitoka mbali.

Aeleza ya kwamba siku ya Jumamosi hakuna darasa, na mwenzake mmoja alimwalika kwenda kumwamkia bibi yake akaaye Weesen, mji mdogo ulio kwenye ncha ya magharibi ya ziwa liitwalo Walensee. Wakapanda gari la moshi (tumezoea kuliita hivyo, ingawa magari ya huko huenda kwa umeme wala hayana moshi), wakabadili Zürich, wakashuka Ziegelbrücke. Nyumba ya kulala ni ya bibi, chakula ni cha bibi. Hapo mama alimtazama mumewe, naye akatazama ukuta.

Ziwa lenyewe limekaa kama maji ndani ya mtumbwi mwembamba. Upande wa kaskazini majabali ya Churfirsten yamesimama wima, marefu kupita mita 2,000. Maziwa yetu ya Rufiji, kama Ruwe, Zumbi na Utunge, mtu huweza kusukuma mtumbwi kwa upondo. Lakini Walensee kina chake hufika mita 150 hivi, hata ungeunganisha minazi sita, mmoja juu ya mwingine, na kuitumbukiza, usingeona majani yake. Chini ya majabali kuna kijiji kiitwacho Quinten kisichofikiwa kwa gari lo lote. Watu wake huenda kwa chombo au kwa miguu, kama watu wetu wa Salale na Kiongoroni. Tena zabibu na tini huiva pale, ingawa theluji yaonekana juu yao. Chombo kile cha kwenye picha kilikuwa kikienda huko.

Kufika hapa baba akasema, "Sawa, ametembea." Tukamwomba asikilize yaliyosalia.

Jioni bibi yule alimwuliza kwao ni wapi, akajibu, "Kwetu ni delta ya mto mkubwa, mahali pa mafuriko na homa." Bibi akaweka kijiko chini, akamwambia, "Hata hapa palikuwa hivyo." Binti alidhani bibi anamfariji tu. Kumbe ni kweli.

Zamani mto Linth, utokao milima ya Glarus, haukuingia katika ziwa hili. Ulipita karibu nalo, ukachukua mawe na kokoto kutoka milimani, ukayamwaga pale maji ya ziwa yalipotokea. Mlango wa ziwa ukazibika kidogo kidogo, na maji yakapanda mwaka baada ya mwaka. Mwisho wa karne ya 18 maji yalikuwa yakiingia katika nyumba za Weesen, na za Walenstadt iliyo upande wa pili wa ziwa. Mashamba ya bondeni yakawa kinamasi, na watu wakashikwa na homa ya vipindi, ile ile ya kutetemeka na kutoka jasho tuijuayo sisi. Ndiyo malaria, wasomaji, katika nchi ya theluji! Waganga wa siku zile walidhani hewa mbovu ya kinamasi ndiyo iletayo homa. Ni mwaka 1897 tu ndipo Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Bara Hindi, alipovumbua vijidudu vya malaria ndani ya mbu.

Basi akatokea mtu mmoja wa Zürich, jina lake Hans Conrad Escher, mjuzi wa miamba na mambo ya serikali. Mwaka 1807 kazi ilianza chini yake. Shauri lake lilikuwa hili: mto ugeuzwe, uingizwe ziwani kwa mfereji mpya, ili ziwa lenyewe limeze mawe, na maji safi yatokayo ziwani yapewe mfereji mwingine, ulionyoka, hadi ziwa la Zürich. Fedha zilipatikana kwa kuuza hisa kwa watu wa Uswisi yote, hata kwa watu wasiopata kuliona bonde lile. Mfereji wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1811, wa pili mwaka 1816. Uso wa ziwa ukashuka kadiri ya mita 5, kinamasi kikakauka, na homa ikatoweka katika bonde lile. Walimfukuza mbu pasipo kumjua. Escher alikufa mwaka 1823, na ukoo wake ukapewa jina la von der Linth, yaani wa mto Linth.

Jumapili binti alisali Misa katika monasteri ya masista Wadominiko, walioko Weesen tangu mwaka 1256. Kisha akatembea juu ya tuta la mfereji ule. Aandika: "Baba, nilisimama mahali ambapo mto unaingia ziwani, nikakumbuka mwaka 2024, ulipokesha juu ya dungu ukiangalia mpunga wetu unakwenda na maji. Nilicheka katika picha kwa sababu bado sikuwa nimesikia habari hii. Baada ya kuisikia sikupiga picha tena."

Majirani wakanyamaza. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema mafuriko yale ya Aprili 2024 hayasahauliki, na mara yakazuka mabishano ya siku zote juu ya bwawa la Julius Nyerere lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Hayo tuyaache, tungekesha.

Sisi twasema wazi ya kwamba dawa ya Linth si dawa ya Rufiji. Mto wao ulileta mawe. Wetu huleta tope jema, na wazee wetu wamekula kwa tope hilo. Maji yakipungua ndipo mlau hupandwa, na maji yakipanda ndipo samaki huingia maziwani. Mtu akitujia kesho na kusema tuunyoshe mto huu kama kamba, tutamwuliza watoto watakula nini. Binti mwenyewe ameliona jambo hilo, ameliandika kwa mistari miwili tu, nasi tulipenda sana mistari ile kuliko habari zote za majabali.

Lakini kosa lake nalo tulimwonyesha. Kumpelekea picha ya kicheko, isiyo na neno, mzazi aliyeuza korosho zake, si adabu. Mzazi hawezi kusoma ndani ya picha yaliyo moyoni mwa mtoto. Ametuomba radhi, tena amemwomba baba yake kwa sauti yake mwenyewe simuni. Na baba naye tulimwambia faraghani kwamba alimhukumu mtoto mmoja, akamfunga mwingine asiyehusika. Hakupendezwa na neno hilo, wala hakutukatalia.

Juma lililopita tulipita nyumbani kwao tukaona sanduku jipya la bati mlangoni. Kufuli bado. Tulipouliza, baba akasema korosho hazijauzwa zote, tutaona. Kisha akatuvuta kando, akasema, "Mwalimu, ukimwandikia, niulizie jambo moja. Ziwa lao liliposhuka mita tano, wavuvi wa pale walivua wapi?"

Tumeandika swali hilo neno kwa neno. Jibu likija tutalipiga chapa hapa, mbele ya habari za mahari.