Picha za Visivyo na Roho

Akina mama wa Likoni na Kisauni hutuuliza: binti anayeingia shindano la picha za vitu vilivyotulia apige nini? Twajibu: visivyo na uhai, alivyovipanga kwa mkono wake, dele la kahawa, mbuzi ya nazi, asumini juu ya sinia. Marundo ya nazi ya Kongowea, yaliyopangwa na muuzaji, waamuzi huenda wakayaita picha ya soko. Paka akipita, uhai umeingia.

Na hapa pana faraja. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya picha za wenye roho, ama visivyo na roho, Ibn Abbas (r.a.), kama ilivyopokewa katika Sahihi ya Bukhari, alimruhusu mchoraji. Basi enyi wazazi, kabla ya kumnyang'anya binti kamera, tazameni kwanza anapiga nini. Wallahu a'lam.