Tusisingizie mtandao kila siku

Asubuhi, mteja wa kwanza dirishani anaambiwa: "Mtandao umekatika." Mara nyingi mtandao hauna kosa. Seva ya hifadhidata ya MySQL, mipangilio yake isipobadilishwa, hufunga yenyewe muunganisho uliokaa saa 8, yaani sekunde 28,800, bila kazi. Programu iliyolala wazi usiku kucha huamka na kutuma ombi kwenye muunganisho uliokufa.

Wanaotengeneza programu zetu wasome kwanza kumbukumbu za seva. Kisha programu ipime muunganisho kabla ya kuutumia, na ukifa ifungue mpya. Ukikatika katikati ya malipo, isirudie ombi kabla ya kuhakikisha kama yameandikwa. La sivyo, raia atatozwa mara mbili kwa kosa lisilo lake.