Ukisasa wa Ndani Waila Lamu

Ipo hoja ambayo imenikera kwa muda mrefu, nayo hutolewa na wanaonunua nyumba kongwe na kuzikarabati: "Nje sikugusa kitu, ni ndani tu nilikotia mambo ya kisasa." Husemwa kwa majivuno, kana kwamba msemaji amekwisha kuwalipa wahenga deni lao lote.

Nisidhaniwe kuwa naipinga hoja hiyo kila mahali. Zitazame nyumba za magogo za walowezi wa Marekani. Ufundi wake uko pembeni, pale ncha za magogo zilipochongwa zikaumana. Ndani mara nyingi mlikuwa na chumba kimoja au viwili na meko. Atiaye humo jiko la umeme na taa za leo, magogo na maungio yake akayaacha, hajapoteza mengi.

Lakini hoja iyo hiyo ikifika Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, hugeuka upotovu. Nyumba ya mawe ya Lamu, kwa nje, ni ukuta mtupu. Toa mlango wa nakshi na mpita njia haambiwi lolote. Fahari yote imefichwa. Mgeni hukomea dakani. Aliyekaribishwa huupita ua, kisha misana, chumba nyuma ya chumba, na kadiri aingiavyo ndivyo lipu ya chokaa izidivyo kuchongwa, hata aufikie ukuta wa zidaka zilizopangwa vyombo vya kauri. Aidha, upana wa vyumba uliamuliwa na boriti, kwani mti wa mkoko haumudu kubeba sakafu ya mawe na chokaa kupita mita 3 hivi. Abomoaye ukuta wa kati ili apate ukumbi mpana amefuta mpango mzima uliomtenga mgeni na jamaa. Hapo ndani ndipo ilipo historia, na nje ni ganda lake.

Niliwahi kufuatana na wanafunzi wa sekondari hadi katika nyumba moja ya aina hiyo. Zidaka tulizozisoma darasani tulikuta zimezibwa kwa saruji, televisheni ikatundikwa juu yake. Mwenye nyumba, mtu mkarimu aliyetunywesha maji ya ndimu, alituonyesha ukuta huo kwa fahari. Chini yake chumvi ilikuwa imeanza kutoka, nayo rangi ikibanduka. Si ajabu. Jiwe la matumbawe hunywa unyevu, na chokaa huuachilia utoke. Saruji huufungia humo humo, chumvi ikaganda ikalimung'unya jiwe, nazo ncha za boriti zikaoza ukutani.

Hata hivyo, sioni haki ya kumlaumu Mwamu kwa kutaka maji ya bomba, choo cha kuvuta na pangaboi. Hayo yote yaweza kutiwa bila ya kuvunja ukuta hata mmoja. Tatizo lake ni vifaa. Mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, wakata mikoko wa Lamu nao walinaswa, japo kaunti hiyo ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi ya mikoko ya Kenya. Marufuku hayo yalikuja kulegezwa, lakini fundi aliyekosa boriti wakati ule hakungoja, alimimina zege.

Kwa hiyo mkaguzi anayesimama kichochoroni akautazama ukuta wa nje, kisha akaridhika, hajakagua kitu. Kibali cha ukarabati kingetanguliwa na ramani ya vyumba vilivyopo na picha za lipu yake, na mwenyeji asiye na uwezo angesaidiwa kupata chokaa na boriti kwa bei ambayo saruji haiwezi kuishinda. Nasi walimu tungewapeleka wanafunzi wakachore vipimo vya zidaka zilizosalia, maana za nyumba ile hakuna aliyekuwa amezichora kabla hazijazibwa.