Arch si cheti cha ujuzi

Kuna hoja hii: anayetaka kuijua Linux aanze na Arch, kwa kuwa distro nyingine kama Ubuntu na Mint ni za wavivu na wajuzi wa kweli hawazigusi. Wajuzi gani hao? Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka 1991, ametumia Fedora kwa miaka mingi, na amesema wazi anataka mfumo ulio rahisi kusimika. Naye ni mvivu?

Eti ugumu wa Arch hufundisha. Hufundisha kusimika Arch, basi. Terminali ya Mint inapokea ls, grep na chmod zilezile, wala haikuulizi umepitia njia gani.

Tena Arch haina matoleo. Masasisho humiminika mfululizo. Sasa mchukue mwenye steshenari: laptopu kuukuu ya RAM GB 4, bando la siku, foleni ya wateja mlangoni. Printa imegoma baada ya kusasisha, nawe unamwambia akasome mwongozo! Ubuntu ya LTS (toleo linalotunzwa kwa muda mrefu) hupata masasisho ya usalama kwa miaka 5 bila kugeuzwa kila kukicha. Kwenye laptopu ile, mwekee Mint ya Xfce, iliyo nyepesi, achapishe fomu za watu.