Hela ya Zamani Haisuguliwi

Hadi mwaka 1916, Rugerero, karibu na Gisenyi, ilikuwa chini ya Wajerumani, na fedha ndogo ya serikali yao iliitwa heller. 100 zilifanya rupia moja. Ndiko lilikotoka neno hela. Sarafu ya heller moja, iliyopigwa kati ya 1904 na 1913, ni ya shaba, yenye taji na mwaka chini yake.

Mama wa nyumba akiikuta katika kikapu cha marehemu bibi yake, huona uchafu tu, akachukua majivu na limau. Hasara iliyoje! Rangi ile ya hudhurungi ni ngozi ya shaba, iliyoota kwa miaka mingi. Ikitoka hairudi, na thamani ya sarafu kwa mkusanyaji hushuka sana. Wenye kukusanya shaba za Warumi za enzi ya Konstantino, zenye umri wa miaka 1,600 na zaidi, huliogopa kosa hilo hilo.

Ishikwe ukingoni, ifutwe vumbi kwa kitambaa laini kikavu, kisha itiwe katika bahasha ya karatasi, mbali na mvuke wa jikoni. Ukitokea unga wa kijani hafifu, itengwe upesi. Ugonjwa huo hushamiri penye unyevu.