Bill Russell ana bloku sifuri. Nani alisahihisha?

Kwenye vimbweta vyetu ubishi wa mpira wa kikapu una utaratibu wake. Mmoja anamtaja Jordan, mwingine anamtaja LeBron, wa tatu anatoa simu na kuanza kusoma takwimu kama hakimu anayesoma hukumu. Pointi kadhaa, ribaundi kadhaa, asisti kadhaa, kesi imekwisha, twendeni kantini. Ukithubutu kumtaja Bill Russell utachekwa. Eti pointi 15 kwa mechi? Si hata wa benchi siku hizi anafikisha hizo!

Na kweli, ukurasa wake hautishi. Mechi 963, pointi 14,522, wastani wa 15.1. Msimu aliofunga vizuri kuliko yote alipata wastani wa 18.9. Mitupo huru aliingiza asilimia 56, yaani kwenye kila mitupo 10 alikosa zaidi ya 4. Halafu unashuka mpaka kwenye safu ya bloku, ile kazi ya kuzuia mpira unaoelekea kikapuni, kazi ambayo ndiyo iliyompa jina Marekani nzima. Pako wazi. Hakuna hata moja.

Sababu ni kwamba NBA ilikuwa haihesabu. Bloku, pamoja na kumpokonya mtu mpira, vilianza kuandikwa rasmi msimu wa 1973–74. Russell alistaafu 1969. Mtu aliyeibadilisha kabisa kazi ya kulinda kikapu aliifanya miaka 13 mfululizo mbele ya makarani wenye kalamu mkononi, na hakuna aliyeandika. Kwa hiyo kabla hatujaweka majibu ya Russell kando ya majibu ya mwingine yeyote, mimi nauliza swali la mwanafunzi wa ualimu: mtihani huu ulitungwa na nani, na uliacha mada gani?

Tuanze na vikombe, maana hivyo walivihesabu. Russell alitoka Chuo Kikuu cha San Francisco akiwa na ubingwa wa vyuo wa 1955 na 1956, akapita Melbourne kuchukua dhahabu ya Olimpiki, akajiunga na Boston Celtics Desemba 1956. Mpaka siku hiyo Celtics hawakuwa wamewahi kuwa mabingwa. Ndani ya misimu 13 wakabeba ubingwa mara 11, nane kati ya hizo mfululizo, kuanzia 1959 hadi 1966. Zile mbili za mwisho, 1968 na 1969, alikuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu katika ligi hiyo. Misimu miwili tu ilimponyoka: 1958, alipoumia kifundo cha mguu katikati ya fainali, na 1967. Mechi ya saba, ile ambayo atakayefungwa anafunga mabegi, alicheza 10. Alishinda 10.

Sasa mtu wa pointi 15 anafanyaje hayo? Hapa ndipo panaponinogea, mnivumilie.

Wazuiaji wengi wanapenda kuupiga mpira mpaka jukwaani kwa mashabiki. Uwanja unalipuka, picha inapendeza, na mpira wanarudishiwa wapinzani waanze upya. Russell alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na mara nyingi aliugusa mpira kiasi tu cha kuubakiza ndani ya uwanja, uangukie kwa mwenzake. Bob Cousy anauokota, anakimbia nao, anampa Tom Heinsohn, kikapu. Karani anaandika: Heinsohn pointi 2, Cousy asisti 1. Russell? Hakuna. Aliyeanzisha kila kitu hayumo kwenye karatasi.

Na hiyo ni pale alipougusa mpira. Fikiria yule mpinzani aliyeingia hadi chini ya kikapu, akamwona jamaa wa futi 6 na inchi 10 anamsubiri, akabadili mawazo, akarudisha mpira nje na wenzake wakarusha kutoka mbali wakakosa. Kwa karatasi za enzi zile, na hata ukihesabu bloku zote, hakuna kilichotokea hapo. Mtupo umekosa, basi.

Kitu pekee cha ulinzi kilichoandikwa enzi hizo ni ribaundi, na ndiyo maana hapo jina lake linang'aa: ribaundi 21,620, wastani wa 22.5 kwa mechi. Tuseme ukweli, namba hizo zimevimba kidogo. Timu za wakati ule zilicheza kwa kasi, zilirusha sana na kukosa sana, kwa hiyo mipira ya kugombania ilikuwa mingi. Lakini usiku wa mechi ya saba ya fainali ya 1962, dhidi ya Lakers, iliyokwenda hadi muda wa ziada, alimaliza na pointi 30 na ribaundi 40. Zipunguze unavyotaka, bado utabaki na mzigo.

Msimu huohuo wa 1961–62 ndio kesi yangu kubwa. Wilt Chamberlain, aliyekuwa Philadelphia, alimaliza na wastani wa pointi 50.4 kwa mechi. Hamsini, wala mashine ya kuchapa haikukosea. Machi 2, 1962, katika mji wa Hershey, alifunga pointi 100 dhidi ya New York Knicks, rekodi ambayo haijafikiwa mpaka leo. Wastani wake wa kukaa uwanjani ulikuwa dakika 48.5 wakati mechi ina dakika 48, kwa sababu alikuwa hatoki hata kwenye muda wa ziada. Kwa takwimu za kawaida, hakuna msimu uliowahi kuufikia huo.

MVP wa msimu huo alikuwa Bill Russell.

Usiseme walilewa. Enzi hizo tuzo ya MVP ilipigiwa kura na wachezaji wenyewe, watu waliokuwa wanakutana na wote wawili chini ya kikapu, viwiko vikiwa mbavuni. Kikosi bora cha msimu kilichaguliwa na waandishi na watangazaji, na wao wakamweka Chamberlain kikosi cha kwanza, Russell wakamshusha cha pili. Yaani mtu huyohuyo, msimu huohuo, ni mchezaji bora wa ligi nzima kwa waliocheza naye, na ni namba mbili katika nafasi yake kwa waliomtazama na kuchukua hesabu. Na haikuwa ajali ya mwaka mmoja. Russell alikuwa MVP mara 5, na katika tatu kati ya hizo, 1958, 1961 na 1962, waandishi walimweka kikosi cha pili.

Aprili hiyo Celtics na Philadelphia walikutana kugombea nafasi ya kwenda fainali. Ikafika mechi ya saba. Boston 109, Philadelphia 107, kikapu cha mwisho kikifungwa na Sam Jones.

Simdharau Chamberlain. Mtu mwenye pointi 31,419 na ribaundi 23,924, nyingi kuliko za yeyote hadi leo, aliyebeba ubingwa wa 1967 na wa 1972, humwiti mpenda namba ukalala usingizi. Ninachosema ni kwamba maswali ya karatasi yalimpendelea. Kila alichokifanya kilikuwa na safu yake.

Najua mtakachonijibu. Ligi ilikuwa ndogo: timu 8 Russell alipoingia, 14 alipotoka. Kweli. Kushinda mataji 11 kukiwa na timu 30 ni hadithi nyingine kabisa, na hapo nakubali vikombe navyo vinahitaji kusomwa kwa jicho la karibu. Mtasema pia alizungukwa na mafundi: Cousy, Heinsohn, Sam Jones, K.C. Jones, John Havlicek, na kocha Red Auerbach. Hilo nalo kweli. Ila Cousy alikuwa Boston tangu 1950 na hakuchukua ubingwa hata mmoja mpaka Russell alipokuja. Na angalia alipoondoka. Msimu wake wa mwisho Celtics walishinda mechi 48, wakapoteza 34, wakawa mabingwa. Msimu uliofuata walishinda 34, wakapoteza 48, na hata mechi za mtoano hawakuzinusa. Sam Jones naye alistaafu pamoja naye, kwa hiyo sio lawama zote za pengo moja. Lakini namba zimegeuzwa kama shati, na kwa mimi hiyo ndiyo takwimu ya ulinzi ya Russell iliyo karibu zaidi na ukweli.

Sasa mlinganishe na ndugu yetu wa Kinshasa, marehemu Dikembe Mutombo. Wastani wake wa pointi ulikuwa 9.8, chini hata ya Russell. Kazi ilikuwa ileile: kaa chini ya kikapu, kataa. Ila yeye aliikuta safu imeshachorwa. Bloku zake 3,289 zinamweka wa pili katika historia iliyoandikwa, nyuma ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria mwenye 3,830. Tuzo ya mlinzi bora, iliyoanza 1983, aliichukua mara 4, na 2015 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Umaarufu. Hakuna anayemcheka Mutombo kwa pointi zake 9.8, kwa sababu kazi yake ina karatasi. Na hata Hasheem Thabeet wetu asingechaguliwa wa pili mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, kama uwezo wake wa kuzuia akiwa chuoni Connecticut usingekuwa na namba ya kuonyesha. (Kwamba namba za chuo hazikumfuata NBA ni somo lingine kuhusu namba. Tuliache.)

Ligi yenyewe ilichelewa kushtuka. Tuzo ya mchezaji bora wa fainali ilianzishwa 1969, fainali za mwisho za Russell. Celtics wakashinda, tuzo akapewa Jerry West wa Lakers, mchezaji pekee aliyewahi kuipata akiwa upande ulioshindwa. Mwaka 2009 wakaipa tuzo hiyo jina la Bill Russell, ambaye hakuwahi kuipata. Alipofariki mwaka 2022, jezi namba 6 ikastaafishwa na ligi nzima, heshima ambayo NBA haikuwa imempa mchezaji mwingine. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kukimbilia heshima za kupewa. Mwaka 1975 alipochaguliwa kuingia Ukumbi wa Umaarufu alikataa kwenda, akiamini kuna weusi waliomtangulia ambao walistahili kwanza, akiwemo Chuck Cooper, mweusi wa kwanza kuchaguliwa na timu ya NBA. Pete yake aliipokea 2019, mwaka ambao Cooper aliingizwa.

Kwa nini haya yanamsumbua mtu anayesomea ualimu? Kwa sababu mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilikaguliwa kwa fomu. Andalio la somo lina alama, zana zina alama, mpangilio wa ubao una alama, hata mavazi yana alama. Mwenzangu tuliyepangwa shule moja alikuwa na darasa ambalo watoto waliacha kutoroka kipindi cha hesabu tangu alipoanza kufundisha yeye. Mkaguzi alikaa dakika 40 nyuma ya darasa, akamkata alama za ubao, akaondoka. Mtoto ambaye hakutoroka haonekani, kama ule mtupo ambao haukurushwa. Sisemi fomu zichomwe, maana bila fomu tutapeana alama kwa kujuana, na hilo tunalijua linavyoisha. Nasema fomu ina mtunzi, na mtunzi huwa hachezi.

Sasa nina ombi kwa waziri wetu wa michezo. Kwenye bonanza la vitivo la muhula uliopita, zawadi ya mchezaji bora wa kikapu ilikwenda moja kwa moja kwa aliyefunga pointi nyingi, bila kura wala mjadala. Mfungaji huyo ni mkali, sina ugomvi naye, apewe zawadi ya ufungaji na tumpigie makofi. Lakini ya mchezaji bora, wapeni kura wachezaji wenyewe. Kila timu karatasi moja, jina moja, marufuku kumpigia wa timu yako. Gharama yake ni kurasa chache za daftari, na mezani kuwe na mtu wa pili mwenye kalamu, kazi yake kuandika bloku tu.