Kutu Si Stika

Nimekuwa wa saba kati ya washindani wanane na bado nina hasira. Nasema mapema, usije ukadhani haya ni maandishi ya mtu aliyetulia.

Shindano lenyewe ni la kirafiki. Tuko vijana tisa, wengi tulikaa bweni moja shule ya upili, sasa tumetawanyika: Eastleigh, Garissa, Mombasa, mmoja Minneapolis, na mimi nimerudi Tarbaj tangu karo iliponishinda nikiwa mwaka wa tatu chuoni. Kila baada ya miezi miwili mmoja wetu anatoa masharti. Wengine wanabuni gari kwenye programu ya Automation, kuanzia injini hadi kitasa cha mlango, halafu mwandalizi analiingiza kwenye BeamNG.drive, analiendesha, analigonga akitaka, na kutoa alama. Zawadi ni ruhusa ya kutuchokoza wiki nzima. Mara hii sharti lilikuwa tamu: buni gari la mtumba. La mwaka 2005, limeshakula miaka ishirini, linanunuliwa na familia ya watoto wanne yenye shilingi laki nne mfukoni.

Aliyeshinda alileta kigari cheupe, kizuri kama yai. Kwenye mlango wa nyuma amebandika stika ya kutu. Stika! Kutu upande mmoja tu, na pembeni yake rangi inang'aa kama siku ya kushushwa melini. Mwandalizi akamsifu kwamba gari lake lina historia. Langu akasema limekosa mvuto, na kwamba bampa jeusi lisilopakwa rangi linaonekana la kimaskini.

Hapo ndipo nilipochemka.

Automation inakupa gari likitoka kiwandani. Hakuna mahali pa kuandika kilomita 260,000. Hakuna kitufe cha mwenye gari wa nne, yule aliyeng'oa redio akaweka nyingine inayotoa sauti spika moja tu. Kwa hiyo ukiambiwa ubuni mtumba, unabaki na njia mbili. Ya kwanza ni kuchora gari jipya kisha ulichafue. Ya pili ni kukaa chini ujiulize: hili gari, likiwa mikononi mwa mtu asiyeweza kununua jipya, litamtendea nini? Umri wa gari unaamuliwa siku linapochorwa. Ukiweka bampa la rangi, mkwaruzo wa kwanza ni aibu na gharama. Ukiweka plastiki nyeusi, mkwaruzo wa mia moja hakuna anayeuona. Ukichagua tairi la inchi 17 kwa sababu linajaza bodi vizuri, umemhukumu mtu wa Wajir kuagiza tairi Nairobi. Mimi niliweka la inchi 14, ukuta mnene, na nyuma ekseli ngumu yenye springi za vyuma bapa, zile ambazo fundi yeyote wa jua kali anazijua hata gizani. Kila sehemu kwenye programu ina kipimo cha ubora, kutoka -15 hadi +15. Wenzangu walimwaga pointi zao kwenye viti na dashibodi. Mimi nilizimwaga kwenye chesisi na sehemu za kupozea injini. Ndiyo, ndani linafanana na ofisi ya chifu. Sawa.

Mtaniambia ni mchezo tu, bana, punguza moto. Nimeambiwa tayari, mara kama sita. Lakini angalia mtumba halisi unavyofika kwetu. Japani gari jipya la kawaida hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama, kwa hiyo wengi huona heri kuliuza. Linapita mnadani, linapanda meli, linashuka Mombasa. Sheria ya Kenya inataka lisizidi miaka minane na usukani uwe kulia. Basi mwenye gari wa kwanza wa Kenya, mara nyingi mtu wa Nairobi, analipata likiwa bado na adabu. Analichoka. Linaenda Garissa. Linachoka tena, linafika Wajir. Likifika Tarbaj limeshapitia mikono minne au mitano, mita imesharudishwa nyuma na mtu tusiyemjua, na kila aliyelimiliki ametoa kitu kizuri akaweka cha kubahatisha. Sisi ndio mwisho wa mstari. Hakuna anayechora gari akituwaza sisi. Na pale tunapopata kuchora wenyewe, hata kama ni kwenye laptop, nayo mtumba wa Eastleigh, tunachora tukimwaza yuleyule mwenye gari wa kwanza! Hilo ndilo linaloniuma. Nafasi ya saba nitaizoea.

Nina sababu nyingine, na nilitaka kuiruka.

Abti yangu, kaka ya mama, aliuza pick-up yake ya zamani akanunua gari dogo la kisasa. Jina la gari nalificha. Pick-up ilikuwa na pampu ya mafuta ya kawaida, kando ya injini, unaifungua kwa spana mbili. Hili jipya pampu yake ni ya umeme, imezama ndani ya tangi. Usiku mmoja binamu yangu akashikwa na uchungu wa kuzaa, tukamtia ndani kuelekea Wajir. Katikati ya njia gari likakohoa, likazima. Mafuta ya kwetu mara nyingi yanauzwa kwenye mitungi, na ukiuliza yalipita wapi unajibiwa kwa salamu. Pampu ilikuwa imekula uchafu ikafa. Mtandao haukuwepo wiki ile. Anayeishi huku anajua habari za milingoti ya simu na mabomu, sina haja ya kueleza. Abti akafungua boneti, akamulika kwa tochi ya simu, akasimama tu. Huyu ni mtu aliyewahi kutengeneza gia kwa kamba ya ngamia mbele ya macho yangu.

"Abti," akaniambia, na kwetu mjomba humwita mpwa wake jina lilelile analoitwa yeye, "hii gari haina mahali pa kushika."

Tulikaa pale zaidi ya saa mbili mpaka lori la mbuzi likatuchukua. Mtoto alizaliwa Wajir alfajiri, yuko mzima, ananivutia waya wa chaja ninapoandika haya. Lakini maneno ya abti nayabeba kila ninapofungua Automation. Mahali pa kushika. Mwandalizi wetu hana safu ya alama kwa kitu hicho.

Kuna anayesema gari la namna hiyo halina soko, kwa sababu mtu hununua kwa macho. Sitamdanganya, ana pointi. Mwaka 1986 Moi aliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, hata likiwa baya na la mwendo wa pole. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer ikaonyeshwa, magari matano ya majaribio, na kiwanda cha kuyazalisha kwa wingi hakikuwahi kusimama. Baadaye ikaja Mobius, gari gumu lililowazwa kwa ajili ya barabara zetu mbovu. Mwaka 2024 kampuni ikatangaza inafunga, kisha ikasema imepata mnunuzi. Kwa pesa zilezile Mkenya aliona heri mtumba wa Japani wenye kiti laini. Naelewa. Hata mimi napenda kiti laini.

Ila huo ni ugonjwa wa duka, na sisi hatuna duka! Hatuna benki inayotudai, hatuna kiwanda, hatuna mnunuzi wa kumbembeleza. Ikiwa kuna mahali pekee duniani ambapo gari linaweza kuchorwa kwa ajili ya mwenye gari wa tano, ni kwenye shindano la watu tisa wasio na kitu cha kupoteza. Na sisi tukaenda kuiga wauza magari. Ati mvuto. Mwandalizi mwenyewe kila akija nyumbani anapanda Probox, gari lililotoka 2002 kama kigari cha kazi huko Japani, bodi kama sanduku, bampa jeusi, na Kenya nzima inalipakia watu, miraa, magunia na wakati mwingine vyote pamoja. Analipanda, linamfikisha, halafu ananiandikia mimi kuhusu mvuto. Walahi nilicheka, kisha sikucheka.

Niwe mkweli kidogo: gari langu lilikuwa na kosa. Niliweka gia ndefu mno, na kwenye mlima wa majaribio lilipanda kama mzee mwenye magoti mabovu. Alama hizo nilistahili kunyimwa. Rafiki wa Minneapolis alinipigia akanionyesha, kwa upole, na alikuwa sahihi. Yeye sasa anaishi mahali ambapo chumvi ya kuyeyusha barafu inakula magari kutoka chini kwenda juu, na aliniambia kitu sikukijua: kutu halisi huanza pale usipoona, kwenye mishono ya chuma na ndani ya matao ya magurudumu. Mlangoni hufika ikiwa imeshamaliza kazi. Kwa hiyo hata ile stika ilibandikwa mahali pabaya.

Raundi ijayo ni zamu yangu kutoa masharti, nayo ni haya. Gari la 2005, watu saba, mizigo juu. Alama arobaini kati ya mia ni za kutengenezeka: nitafungua boneti ya kila gari kwenye kioo nikiwa nimekaa na abti, na yeye ataonyesha kwa kidole anachoweza kufungua kwa spana na asichoweza. Atakachoshindwa kukiona, kinakatwa. Alama ishirini za tairi na springi, ishirini za kupoza injini, kumi na tano za mafuta. Mvuto una alama tano, na nitazitoa mwenyewe bila kueleza. Stika ya aina yoyote, nje. Abti ameshakubali, ila ameuliza kama washindani watamletea chai.